Chujio la masizi limeziba: kulisafisha, kubadilisha au kuling'oa?

Mkazi wa Sinza: Ndugu wanajamvi, gari langu la dizeli limewasha taa ya DPF, yaani chujio la masizi kwenye njia ya moshi, kwa mara ya tatu tangu Ramadhani. Fundi mmoja anashauri ang'oe chujio na kulifuta kwenye kompyuta ya gari, wa pili anataka kulisafisha, na wa tatu anasema ninunue jipya, ambalo bei yake sijathubutu kumtajia mke wangu. Safari yangu ya kila siku ni Sinza hadi Mwenge. Ipi nafuu, bila kuwamwagia moshi walio nyuma yangu?

Fundi Gerezani: Kaka, tatizo ni safari zenyewe. Chujio hukamata masizi na kuyachoma joto likikaribia nyuzi 600, joto ambalo foleni ya Mwenge hailifikishi. Hata hivyo, kabla ya kugusa chujio pima nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, kwa sababu nozeli inayodondosha italijaza hata jipya. Wiki iliyopita nilifungua moja nikakuta unga wa kijivu: hayo ni majivu ya oili, na hayaungui hata ukienda Morogoro na kurudi, hutoka kwa kuoshwa tu. Tumia oili yenye majivu machache, iliyoandikwa C3 kwenye dumu kama kitabu cha gari kinaikubali.

Dereva Mstaafu: Mimi ningeling'oa. Gari litavuta vizuri, na moshi hutauona.

Bi Mkubwa: Shikamoo mzee wangu, lakini kutouona si kwamba haupo, kwani chembe zinazoingia ndani kabisa ya mapafu ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoundwa na chujio likikutwa halina hufeli ukaguzi wa mwaka.

Mkazi wa Sinza: Je, nikitia AdBlue?

Fundi Gerezani: Hapana, hicho ni kimiminika chenye tangi lake na kazi yake ni kupunguza oksidi za nitrojeni, si masizi, ukiimimina kwenye dizeli utaua pampu. Jihadhari pia na mafuta yaliyochakachuliwa.

Mkazi wa Sinza: Mrejesho: nozeli mbili kati ya nne zilikuwa zinadondosha. Zimetengenezwa, chujio limeoshwa, na taa imezima. Jumapili nalipeleka Chalinze, na mke wangu ameshaagiza mananasi.