Kuhamisha databezi ya GB 800 bila kuzima mfumo siku nzima, mnafanyaje?

kijana_wa_seva:
Wakuu salama? Nina databezi ya PostgreSQL 12 imefika GB 800, seva imechoka na diski inakaribia kujaa. Seva mpya ipo tayari, ina toleo la 16. Nimejaribu pg_dump (inatoa data yote kwenye faili) halafu kurudisha kule, ikala masaa 11 na bosi anasema mfumo usizimwe zaidi ya dakika 15. Hizo 15 kazitoa wapi mi sijui. Mnatoboaje hapo?

mzee_wa_bakapu:
Kwa saizi hiyo achana na dampu mkuu. Tumia lojiko replikesheni, yaani seva mpya inapokea kila badiliko la data toka ya zamani, ipo ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 10 na haijali matoleo kutofautiana. Unabeba kwanza muundo wa tebo tu kwa pg_dump --schema-only, unapiga CREATE PUBLICATION kwa zamani na CREATE SUBSCRIPTION kwa mpya, data inajinakili yenyewe huku watu wanaendelea na kazi zao, ichukue siku mbili ichukue tatu shauri yake. Ikishalingana unasimamisha app, unasubiri mabadiliko ya mwisho yavuke, unaielekeza seva mpya basi. Ila seting ya wal_level kwa zamani lazima iwe logical na hiyo inataka uristati seva ya zamani, fanya usiku.

tebo_bila_ki:
Mzee kasema vizuri ila hajagusa panapouma. Tebo isiyo na praimari ki (safu ya kutambulisha kila rekodi), INSERT zinavuka lakini UPDATE na DELETE zinagoma hukohuko seva ya zamani, yaani watumiaji ndo wanaanza kukupigia simu. Halafu hiyo diski inayokaribia kujaa ndo inanitisha kuliko vyote, maana replikesheni ikikwama seva ya zamani inatunza WAL zote (faili za kumbukumbu ya kila badiliko) mpaka mwenzake azichukue, mimi ilijaa saa tisa usiku databezi ikalala na mimi nimelala. Toleo la 13 lina max_slot_wal_keep_size ya kuweka kikomo, wewe upo 12 huna. Ongeza diski kwanza ndo uanze.

mpita_njia:
Kwani si apige tu streaming replikesheni ya kawaida, ile ya kunakili seva nzima kama ilivyo?

mzee_wa_bakapu:
Haivuki toleo kubwa, 12 kwenda 16 inagoma. Na hata matoleo yangelingana, ukibadilisha OS angalia glibc (maktaba ya Linux inayopanga herufi), ile 2.28 ilibadili mpangilio wa herufi, indeksi za maandishi zinaharibika kimyakimya.

kijana_wa_seva:
Nimeongeza diski nikajaribu kwa nakala, data yote imevuka freshi ila app ikiingiza rekodi mpya inaleta duplicate key, yaani ID imeshatumika. Nimekosea wapi tena?

tebo_bila_ki:
Hujakosea, sikwensi (vihesabio vya kutoa ID mpya) hazivuki, kule bado zinahesabu kuanzia 1 😂 Ukishasimamisha app soma namba za zamani, ziweke kwa setval, ruka hata 1000 mbele. Na piga ANALYZE databezi ikusanye takwimu za tebo kabla hujafungua mlango, la sivyo kwere (maombi ya data) zitatambaa.