Nimechaguliwa kamati ya shule ya msingi, nimeletewa muhtasari nisaini. Naombeni ushauri

Baba Zuhura

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni fundi seremala, naishi Dar es Salaam. Mtoto wangu wa pili yuko darasa la tatu shule ya msingi ya serikali, jina la shule naliweka kando. Mwezi uliopita kwenye kikao cha wazazi nilisimama kuuliza kwa nini watoto wa zamu ya mchana wanasubiri juani mpaka wa asubuhi watoke. Kuuliza huko ndiko kulikoniponza. Nikachaguliwa mjumbe wa kamati ya shule palepale, kwa makofi.

Juzi nimeitwa kikao cha kwanza. Hata viti hatujavikalia vizuri, muhtasari umeshachapwa. Umeandikwa "wazazi wameridhia kuchangia shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mtoto" kwa ajili ya mlinzi, maji na posho ya walimu wawili wa kujitolea. Mimi kwenye kikao cha wazazi nilikuwepo tangu sala mpaka watu wanakung'uta vumbi kuondoka. Neno mchango halikutajwa.

Nimeomba siku chache za kufikiria. Mwenyekiti kanuna. Mwalimu mkuu yeye hakununa, alisema tu, "Baba Zuhura, ukipata njia nyingine nami niambie." Namna alivyosema nikashindwa kumfikiria vibaya.

Maswali yangu: hela za shule ya serikali zinatoka wapi hasa? Mwenye shule ni nani, mwalimu mkuu, manispaa au wizara? Na je, nisaini?

Kijana wa Buza

Usisaini. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na Magufuli mwenyewe mwaka 2018 akakataza michango hadharani. Piga picha huo muhtasari, peleka TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, mchezo umeisha.

Mama Kulwa na Doto

Kijana, una mtoto anayesoma hapo? Mimi ninao wawili. Mlinzi akikosekana mabomba yanang'olewa usiku, asubuhi watoto hawana maji ya chooni. Nenda TAKUKURU, ukirudi uje na bomba.

Mwalimu Mstaafu

Baba Zuhura, hongera kwa kuchaguliwa na pole. Nimekuwa mwalimu mkuu katika shule mbili za mjini kabla ya kustaafu. Nianze na swali la mwenye shule, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapogonga mlango usio wao.

Shule ya msingi ni ya halmashauri. Afisa elimu anayeshughulikia shule yenu yuko chini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Juu ya halmashauri ipo TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Wizara ya Elimu inabaki na sera, mitaala na wathibiti ubora, wale wanaokuja kukagua ufundishaji. Mwalimu analipwa mshahara na Hazina, lakini akifanya kosa la kinidhamu shauri lake linakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu. Kwa hiyo mwalimu mkuu ana mabwana wengi. Anayebeba lawama za mlinzi ni yeye peke yake.

Kamati yenu nayo si pambo. Ipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya 1978, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Mpango wa shule na matumizi ya fedha vinapita kwenu. Sahihi yako ina uzito, ndiyo maana wanaitaka.

Sasa fedha. Mishahara haipiti shuleni kabisa. Kinachofika shuleni ni ruzuku ya uendeshaji: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na tangu 2016 inatoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Lakini katika hiyo 10,000, shilingi 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule inaona 6,000. Shule yenu ina watoto wangapi?

Baba Zuhura

Shikamoo mwalimu. Kwenye kikao walisema 1,400.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Basi ni 8,400,000 kwa mwaka, yaani 700,000 kwa mwezi kama inakuja yote na kwa wakati. Humo utoe karatasi za mitihani, chaki, ukarabati wa madawati, michezo, umeme. Gawa kwa kichwa: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Chapati na chai ya rangi.

Na nikuambie jambo linaloniuma. Kiwango hiki kilianza na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, kikiwa dola 10 za Marekani kwa mtoto, na wakati ule dola moja ilikuwa kama shilingi elfu moja. Shilingi zikabaki 10,000, dola ikapanda zaidi ya mara mbili. Wanaosema serikali haitoi kitu wanakosea, na wanaosema serikali inatoa kila kitu hawajawahi kununua rimu za karatasi kwa ajili ya mtihani wa watoto 1,400.

Kijana wa Buza

Sawa mwalimu, lakini posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwezi mwalimu mkuu si anapata?

Mwalimu Mstaafu

Anapata, ilianza na utaratibu huohuo wa elimu bila malipo. Ni posho yake ya kazi. Ulitaka amlipe mlinzi kwa posho yake? Wapo wanaofanya hivyo, kijana wangu, na hawaandiki popote.

Mhasibu Mpole

Nafanya kazi za hesabu kwenye halmashauri moja, si ya Dar. Baba Zuhura, kabla ya kuzungumzia kusaini, naomba mchanganuo. Mlinzi shilingi ngapi, maji shilingi ngapi, walimu wale shilingi ngapi?

Baba Zuhura

Niliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya seremala, bahati sijanawa: mlinzi 180,000. Walimu wawili, 100,000 kila mmoja. Maji kama 250,000.

Mhasibu Mpole

Jumla 630,000. Gawanya kwa watoto 1,400 unapata 450. Sasa muhtasari unasema 2,000. Mara 1,400 ni 2,800,000 kwa mwezi, mara nne ya ruzuku yenyewe. Kuna 2,170,000 hapo haina jina.

Kijana wa Buza

NILISEMA MIMI.

Mama Kulwa na Doto

Subiri kwanza. Huku kwetu ilikuwa hivyohivyo na hakuna aliyeiba. Wanaolipa ni robo. Robo ya watoto 1,400 ni 350, wakilipa 2,000 ni 700,000. Ndiyo hiyohiyo hela ya mlinzi, walimu na maji. Walimu wanajua wengi hawatatoa, kwa hiyo wanapandisha ili wachache wabebe wote. Na hao wachache ni sisi wauza mihogo, mwenye gari mtoto wake hayuko hapo.

Mhasibu Mpole

Mama Kulwa umenifungua macho, hilo sikuliona. Lakini ndiyo sababu zaidi ya kutoandika "wameridhia 2,000". Muhtasari ukisema hivyo, kwenye vitabu ni deni la kila mzazi, na ikitokea mkaguzi akauliza zilizobaki ziko wapi, wanaohojiwa ni waliosaini.

Ushauri wangu wa kihesabu: omba taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka iliyopita. Usiombe kwa ukali, ni haki ya kamati. Tangu 2017 upo mfumo wa FFARS, ambapo mapato na matumizi ya shule, zahanati na vituo vya afya yanaingizwa, kwa hiyo mwalimu mkuu anayo taarifa hata kama daftari limepotea. Na taarifa ya fedha inatakiwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Angalia pale penye ratiba ya zamu, huenda ipo chini ya tangazo la chanjo.

Mtu wa Columbus

Mimi niko Ohio, Marekani, watoto wangu wanasoma shule za umma za jiji. Huku shule haziko chini ya meya. Kuna bodi ya watu saba tunayoichagua kwa kura, nayo inaajiri mkuu wa shule zote za jiji. Fedha zinatoka jimboni, kidogo serikali kuu, na kiasi kikubwa kodi ya majengo. Bodi ikitaka kuongeza kodi ya shule inakuja kwetu tupige kura. Novemba 2023 tulipiga, ikapita, na mwenye nyumba anaona kwenye ankara yake shule imechukua kiasi gani.

Msidhani ni pepo. Mtaa wenye nyumba za thamani unapata shule nzuri, wenye vibanda unabaki hivyo. Mahakama ya Juu ya Ohio ilishasema mwaka 1997 kwamba utaratibu huu unakiuka katiba ya jimbo, na bado kodi ya majengo ndiyo nguzo. Lakini angalau najua nimkasirikie nani.

Kijana wa Buza

Sisi kodi ya jengo si tunakatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme, tangu 2021? Inaenda wapi?

Mhasibu Mpole

Hakuna kamba inayoifunga na shule ya mtaani kwako. Halmashauri ina mapato yake ya ndani, leseni za biashara, ushuru wa huduma na masoko, na humo ndimo zinamotoka fedha za kujenga madarasa na vyoo kama madiwani wakipitisha. Mlinzi si mradi. Mlinzi hana jiwe la msingi, hakuna anayekata utepe mbele yake.

Wa Eastlands

Nawasalimu kutoka Nairobi. Msituonee wivu. Hapa serikali hutoa shilingi 1,420 za Kenya kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, na kaunti kazi yake ni chekechea na vyuo vya ufundi tu. Ukienda kwa gavana kulia kuhusu darasa la tano unaambiwa umekosea ofisi. Mlinzi wetu pia hulipwa na wazazi.

Mwalimu Mstaafu

Turudi kwa Baba Zuhura, asije akapotea Ohio.

Usisaini muhtasari wa makubaliano ambayo hayakufanyika. Hilo halina mjadala. Lakini usiende kumshtaki mwalimu mkuu pia, maana hujaona wizi, umeona njia ya mkato. Mwambie mwenyekiti aitishe mkutano mkuu wa wazazi, ajenda iandikwe wazi, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Mchango wa hiari haukatazwi. Kilichokatazwa ni kuulazimisha, na mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Pendekezeni 500, si 2,000. Mkishakubaliana, barua iende kwa Mkurugenzi kupitia Afisa Elimu Kata, mjibiwe kwa maandishi. Na mwalimu asishike hela hata shilingi. Mwaka ule 2018 walimu walipata taabu kwa sababu hiyo.

Walimu wa kujitolea watenganisheni na mlinzi. Upungufu wa walimu ni hoja ya halmashauri, ipelekwe kwa diwani wenu aifikishe kwenye kamati ya baraza inayoshughulikia elimu. Mkiwalipa kimyakimya kwenye takwimu itaonekana shule haina shida.

Na lile swali lako la juani lisife. Zamu mbili mjini zinatokana na madarasa, na madarasa yanatokana na kiwanja. Shule yenu ina nafasi?

Baba Zuhura

Nafasi ni uwanja wa mpira, basi. Ila ukuta wa kusini una kivuli, mimi ni seremala, mbao nne na mabati nane naweza kusimamisha banda la kusubiria.

Mama Kulwa na Doto

Omba kibali kwanza, wasije wakasema umevamia kiwanja cha serikali.

Baba Zuhura (baada ya wiki mbili)

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu asubuhi kabla ya kengele, peke yangu, nikamwambia sitasaini ila nimekuja kuomba taarifa ya fedha. Alifungua kabati, akanipa faili, akatoka nje kuniachia nafasi. Ruzuku ipo, imeandikwa, risiti zimebanwa na pini. Robo nzima wamepata 1,900,000 na ushee, siyo 2,100,000 kamili, na mwezi mmoja haikuja ila baadaye ikaja miwili kwa pamoja. Katikati ya risiti kuna karatasi ya mkono, imeandikwa "mlinzi, 60,000, nimetoa mwenyewe". Sikumwambia kama nimeiona.

Mkutano mkuu umefanyika Jumamosi. Tulikuja wazazi 212, nimehesabu kwenye daftari la mahudhurio. Tumekubaliana 500 kwa mtoto kwa hiari, mlinzi na maji tu, hela inapokelewa na wazazi watatu na kuingizwa benki. Wawili kati yao ni wanawake wa vikoba, hao hesabu hawakosei. Barua iko kwa Afisa Elimu Kata. Ya walimu tumempa diwani mkononi, akasema ataifanyia kazi, tunamsubiri.

Mwenyekiti bado hanisalimii. Muhtasari mpya aliuandika yeye, tukausoma kwa sauti, nikasaini.

Limebaki moja. Kwenye faili nimekuta ankara ya maji ina deni la nyuma, la kabla ya mwalimu mkuu huyu kuhamia. Linalipwa na nani, kamati yetu au manispaa?

Mhasibu Mpole

Usiliguse kwa hela ya wazazi. Weka nakala ya ankara, andika tarehe mwalimu mkuu aliyoripoti, na ombeni makabidhiano yake ya ofisi. Yakiwepo nitumie kiasi tu, majina yafiche, nikuambie barua iandikwe vipi.