Tupeane uzoefu: uliyewahi kukimbia zaidi ya kilomita 42 kuchangisha hela, ulizipataje na ziliishia wapi?

Kipupwe (mwanzisha mada)

Wakuu habari za wikiendi. Siku hizi ukipita Coco au Daraja la Tanzanite alfajiri ni bukta tupu, na mbio za kuchangia zimekua nyingi mpaka unachagua. Ya CRDB imekua ikichangia watoto wenye matatizo ya moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete na kina mama wenye fistula kule hospitali ya CCBRT, ya NBC Dodoma ni saratani ya shingo ya kizazi. Hizo sina neno nazo, unalipia, unapewa jezi na namba, unakimbia, unarudi kulala. Mi nawaulizia wale wendawazimu wengine, mtu mmoja au kikundi kidogo wanaamua kwenda zaidi ya marathoni, 60, 100, wengine siku kadhaa mfululizo, halafu wanapitisha bakuli.

Naanza mimi. Tulikua kikundi cha ofisini, tukakimbia Mwenge mpaka Bagamoyo, karibu kilomita 60, kuchangia watoto wanaotibiwa saratani. Tulichagua Julai makusudi, jua limepoa na kusi inakusukuma mgongoni maana unaelekea kaskazini. Miguu aisee haikutusumbua sana, kazi ilikua hela. Mtu wa Dar ukimpelekea kadi ya harusi hana maswali, anajua singo ngapi, dabo ngapi, na anajua siku hiyo atakula na kunywa. Mwambie nakimbia Bagamoyo nichangie, anakujibu "kwani mabasi yameisha?" Tukafungua grupu la Wasap, ahadi zikamiminika, emoji za makofi kama zote, ilipofika kulipa watu wakakausha, tiki za bluu tu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa masjala. Akasema acheni kuomba, uzeni. Tuuze nini sasa? Uzeni kilomita. Bei elfu ishirini kilomita moja, unalipa kwanza ndo jina lako linaandikwa kwa maka peni kwenye boksi gumu linalofungwa nyuma ya bajaji ya maji, hujalipa huandikwi. Hapo ndo nikawajua watu wa mji huu. Wa Tegeta anataka ya Tegeta, wa Boko umpe ya Bunju anakuona unamtukana, na ile ya kuvuka mto Mpiji, pale mpaka wa Dar na Pwani, iligombewa na mashemeji wawili mpaka ikafika laki na nusu. Siku ya siku tunafika darajani tumekauka midomo, mmoja wao kashatangulia na gari, kainama nyuma ya bajaji anapiga picha boksi kuhakikisha jina lake halijakosewa herufi. Sisi hata hakutusalimia!

Na hela hazikupita kwenye simu ya mtu yeyote. Tulienda uhasibu wa hospitali tukajieleza tukapewa kontrolo namba, kila mtu analipa mwenyewe na ile meseji ya malipo anaiposti grupuni. Msimamo wangu ni huo na sibadilishi, ukiona mchangishaji anatoa namba yake binafsi na "usisahau ya kutolea", muulize maswali.

Haya, karibuni na nyie mseme.

Nesi wa Zamu

Asante kaka Kipupwe kwa mada. Mi sikimbii, mi ni nesi, huwa naombwa kusindikiza makundi ya hivi nikiwa ofu, kwahiyo nitaongelea miili yenu.

Kila mtu anaogopa jua na kuishiwa maji, hakuna anayeogopa maji kuzidi. Tulikua barabara ya Morogoro, kaka mmoja ana nguvu kweli, kila tukisimama anamaliza chupa nzima, maji matupu, hali kitu kwa sababu tumbo limejaa. Tumeshapita Kibaha tunaelekea Mlandizi nikaona anahangaika na pete, imembana, vidole vimevimba kama vya mjamzito wa miezi tisa, ukimuuliza jina la mtoto wake anafikiria kwanza. Wenzake wakadhani kaishiwa maji, mmoja kashafungua chupa nyingine amwekee mdomoni. Nilimpokonya. Mkitoka jasho masaa mengi mnapoteza chumvi, sasa ukijaza maji matupu ile iliyobaki kwenye damu inazimuliwa, maji yanaingia mpaka kwenye ubongo unavimba, na hiyo inaua. Tulimpakia kwenye gari hospitali, akapimwa, chumvi ilikua chini, akalazwa, akapona, sasa hivi ananiita mama.

Kwahiyo kunywa unaposikia kiu, sio kwa sababu kituo kipo. Beba ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, beba viazi vya kuchemsha na chumvi yake, karanga za chumvi, ndizi peke yake haitoshi.

La pili, diklofenaki, zile dawa za maumivu. Najua mnazimeza kabla ya kuanza, msinidanganye. Kwenye mbio ndefu misuli inavunjika vunjika na yale mabaki yanaenda kuchujwa kwenye figo, wewe umekauka, halafu unaongeza dawa inayopunguza damu kufika kwenye figo hizo hizo. Ukikojoa mkojo una rangi ya koka, mbio zimeishia hapo, hospitali. Umeenda kuchangia wagonjwa unageuka mgonjwa, nani akuchangie wewe?

Mafuta ya mgando mapajani, kwapani, na nyie wanaume kwenye chuchu. Mtakuja kunishukuru mkienda kuoga.

Mzee wa Inchanga

Dada Nesi umemaliza. Hiyo ya chuchu nathibitisha, jezi yangu nyeupe ilikua na mistari miwili ya damu kama nimepigwa risasi mbili.

Mi nilienda Afrika Kusini kukimbia Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, umbali unakaribia 90, kwa kawaida mwaka mmoja mnapanda mwaka unaofuata mnashuka. Ilianzishwa 1921 na Vic Clapham, mzee aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akataka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa jambo la kutesa mwili kidogo, wakaanza watu 34 wakamaliza 16. Saivi ni maelfu. Kuna vilima vitano vikubwa vyenye majina yake, Inchanga ndo ilinipa hili jina hapa jukwaani, maana nilipanda nikimtaja kila ndugu yangu aliyekufa.

Kitu ambacho hamtakiona kwenye picha za watu ni ule mwisho. Una masaa 12. Mi nilikua nishamaliza, nimekaa chini, medali shingoni, siwezi hata kufungua kamba za raba, na watu bado wanamiminika. Anakuja mzee mwenye bastola anasimama kwenye mstari akiwapa MGONGO wanaokuja, ili asije akamwonea mtu huruma. Saa ikigonga anapiga, na wasimamizi wanaziba mstari hapo hapo. Kuna mama alikua hatua mbili tatu. Umekimbia kutwa nzima na unarudi bila medali.

Sasa tuje kwenye hela. Nilikua nachangia shule ya watoto wasioona ya mkoani kwetu, na kosa wanalofanya wengi ni kukubali ahadi ya "ukimaliza ntatoa". Bamkubwa wangu aliahidi elfu kumi kila kilomita, roho yake ikimwambia huyu ataishia kwenye ya ishirini. Nilipomtumia picha ya medali simu ikawa haipatikani. Tumekuja kukutana msibani Kimara, nikamwamkia kwa heshima zote, halafu nikamuuliza mbele ya wazee kama ile meseji yangu iliingia. Alilipa, kwa mafungu, ila alilipa.

Sina Raba

Naomba niulize swali la mshamba, msinishambulie. Tiketi ya Durban, hoteli, kiingilio, raba za laki sita, ukijumlisha si ungewapa hao wasioona hiyo hela ukabaki nyumbani na magoti yako? Naona kama watu wanatembea kwa jina la wagonjwa.

Mzee wa Inchanga

Mdogo wangu swali lako ni zuri wala sio la kishamba. Tiketi na raba nilijilipia na niliandika hivyo kwenye tangazo toka siku ya kwanza. Anayetoa gharama zake ndani ya mchango bila kusema, huyo ni mwizi, hata kama anakimbia vizuri.

Kijana wa Goba

Sina Raba, naongezea hapo. Watu hawatoi kwa sababu ya hesabu, wanatoa kwa sababu wamekuona. Terry Fox wa Kanada, mguu mmoja ulikatwa kwa saratani, 1980 akaanza kukatiza nchi yake na mguu wa bandia, karibu marathoni nzima KILA SIKU. Mwanzoni hakuna aliyemjali, kuna sehemu anapita watu hawajui ni nani. Akafika mji mdogo unaitwa Port aux Basques, wakazi kama 10,000, wakachanga dola 10,000. Hapo ndo akapata wazo la kuomba dola moja kwa kila Mkanada. Siku 143, kilomita 5,373, saratani ikarudi mapafuni ikamsimamisha karibu na Thunder Bay. Kabla hajafariki 1981 michango ilishavuka dola milioni 24, na watu wa Kanada wakati huo ndo walikua milioni 24. Angebaki nyumbani na magoti yake, nani angetoa?

Na juzi juzi tu yule Mwingereza Russ Cook, kakimbia Afrika nzima kuanzia ncha ya kusini mpaka Tunisia, siku 352, akamaliza Aprili 2024 na zaidi ya pauni milioni moja. Alipita magharibi huku kwetu hakugusa, na Angola aliporwa kwa bunduki. Sijui angepitia Manzese ingekuaje hahaha.

Sina Raba

Manzese tuacheni jamani 😂 Ila nimekuelewa. Bado nasema wengi wa Dar sio Terry Fox, ni kutafuta picha za Insta.

Mama Joging

Watoto wa mjini mnaongea madola. Sisi huku Mbagala tuna klabu yetu ya joging, mchakamchaka na nyimbo, wengi ni kina mama wa sokoni na wa vikoba. Mwenzetu mmoja mtoto wake alikua na mguu kifundo, tukasema tunakimbia Rangi Tatu mpaka Mkuranga na kurudi, kwa kupokezana, fimbo tulitumia mwiko wa ugali. Hatukua na lipa namba wala nini, tulikua na ndoo mbili. Kila stendi tunapunguza mwendo tunaimba, ndoo inapita, mia mbili, jero, konda wa daladala katoa buku mbili na kaungana na sisi mpaka Kongowe kaacha gari lake.

Jioni ileile ndoo zimemwagwa kwenye mkeka mbele ya kila mtu, zimehesabiwa na watu watatu wasiokua ndugu, imeandikwa, mama mtoto kasaini. Hazikulala. Hela ya mchango ikilala kwa mtu inaanza kuota miguu.

Bajaji la Boko

Mimi ndo huwa naendesha hizo bajaji za maji mnazozisema. Ombi langu moja, kimbieni upande wa kulia mkitazamana na magari, mnang'ang'ania kushoto na sikioni mmeziba spika hamsikii lori la mchanga linakuja nyuma. Alfajiri vaeni reflekta, barabarani hamwonekani kabisa. Na polisi waambieni mapema kwa barua, siku ya tukio sio siku ya kujieleza.

Kijana wa Goba

Mi kuna mbio za hivi niliwahi kuchangia, mwandaaji jina namsitiri, zilitangazwa kwa mbwembwe, fulana kali, risiti mpaka leo hatujaziona. Tukiuliza tunaambiwa "tuna roho mbaya". Mama Joging njoo utufundishe kuhesabu.

Mama Joging

Mkeka ninao baba, nauli tu.

Kipupwe

Mwaka huu tunarudia Bagamoyo. Bajaji la Boko, kutwa nzima Mwenge mpaka Bagamoyo na kurudi na mzigo wa maji unasemaje bei? Na usinipige ya kizungu, hiyo inatoka mifukoni mwetu sio kwenye mchango.

Bajaji la Boko

Mafuta yenu, mi nipeni kilomita moja bure mniandike jina. Nataka ya Boko.

Kipupwe

Ya Boko imeshalipiwa jana. Ipo ya Kerege.