Makasha Tisa Matupu

KIKUNDI: NYUMBANI KWA MAMA

Jumatano usiku

Idi: Mama shikamoo. Mjomba shikamoo. Dada, Shabani, hamjambo? Kama mnavyojua nahama Jumapili. Chumba ninachokwenda ni nusu ya hiki. Leo nimeanza na kabati la gemu na nimekwama hapohapo.

Mama: Marahaba mwanangu. Si nilikwambia uanze na vyombo na nguo?

Idi: Nguo ni mabegi mawili tu mama, yameshafungwa. Kazi iko huku.

Idi: [picha]

Idi: Hayo makasha niliyoyapanga kitandani ni tisa na yote matupu. Kasha lipo, kijitabu chake kipo, CD haipo. Na hapo nimeshazirudisha zile zilizokuwa zimelala uchi kwenye droo.

Zuhura: Tisa!

Idi: Tisa dada. Naomba kila mtu aangalie kwake. Simlaumu mtu, nyingi nilizitoa mwenyewe kwa mkono wangu. Ila nataka kila CD irudi kwenye kasha lake kabla sijaiuza au kuigawa. Nikimpa mtu CD bila kasha najua mwezi hauishi itakuwa imechubuka.

Mjomba: Marahaba mpwa. Orodhesha majina basi tujue tunatafuta nini.

Idi: Za PlayStation 2, yaani PS2, ni Tekken 5, Burnout 3, Gran Turismo 4, God of War II na PES 6, ile ya mpira. Ya PS1 ni moja, Crash Team Racing. Tatu ni za PS4, na hizo nadhani najua ziko kwa nani.

Tausi (simu ya mama): Anko ziko hapa 🙈 zote tatu. Moja iko ndani ya redio ya CD

Zuhura: Tausi mwanangu! Unaiweka CD ya gemu kwenye redio?

Tausi (simu ya mama): Nilitaka kujua kama itapiga muziki

Idi: Itoe taratibu Tausi, shika ukingo na lile tundu la katikati, usiguse upande unaong'aa. Hizo za PS4 ni Blu-ray, data yake iko juujuu kabisa, kama sehemu moja ya kumi ya milimita kutoka usoni. Wameipaka ngozi ngumu ndiyo maana inavumilia, lakini usiisugue na kanga.

Zuhura: Tekken na Burnout ninazo mimi. Hata sikumbuki nilizichukua lini. Tekken sikuahidi kuirudisha lakini 😂

Idi: Tekken nakuachia dada, ni yako. Nitakuletea kasha. Wewe ndiye uliyekuwa unatupiga wote kwa Xiaoyu, yule mpiganaji wako.

Zuhura: Umenifurahisha sana mdogo wangu. Asante.

Mjomba: Gran Turismo iko kwenye gari langu, nyuma ya kioo cha mbele. Nilidhani ni CD ya nyimbo.

Idi: Juani?

Mjomba: Juani. Tangu mwaka jana nafikiri.

Idi: Mjomba naomba uitoe leo hii hii. Joto hupinda plastiki, na ile ni DVD ya matabaka mawili, ikipinda kidogo tu mashine inashindwa kusoma. Iweke bapa, juu yake weka kitabu.

Mjomba: Natoka naitoa sasa.

Alhamisi asubuhi

Mama: Idi, hiyo ya PS1 ni ile nyeusi kwa chini?

Idi: Ndiyo mama! Umeiona?

Mama: Ipo kwenye lile albamu la CD zangu. Niliiweka mwenyewe. Mlikuwa mnaiacha sakafuni mnaikanyaga, nikaona bora niihifadhi. Imekaa humo miaka yote.

Idi: Mama asante. Angalia upande wa juu, wenye picha. Kuna mkwaruzo?

Mama: Juu safi. Chini ina mistari mingi.

Idi: Basi imepona. Watu wengi wanadhani CD hufa kwa kuchubuka chini, upande unaosomwa. Kwa CD za zamani kama hizo za PS1 hatari kubwa iko juu. Data imelazwa chini ya picha, juu yake ni rangi na vanishi tu, wakati chini kuna plastiki nene ya zaidi ya milimita moja. Mkwaruzo wa chini unasafishika, hata fundi anaweza kuusugua ukaondoka. Ukichubuka juu mpaka ukaona mwanga unapita, hapo imekwenda. DVD ni tofauti, data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili.

Mama: Mimi nilijua tu kwamba kitu cha watoto hakitupwi.

Shabani: Idi habari. Hiyo orodha yako nimeiona. PES 6 umeiweka pia.

Idi: Ndiyo Shabani. Kasha lake liko tupu na mengine.

Shabani: Sawa.

Zuhura: Jamani tusianze tena.

Shabani: Sianzi dada. Nimesema sawa tu.

Mjomba: Huo mpira wa watoto kweli bado mnao kifuani? Ni wa mwaka gani?

Shabani: Ilitoka 2006 mjomba. Sisi tuliipata baadaye. Idi alisema mbele ya watu wote kwamba nimeiuza. Sikuiuza. Nilijibu siku ile, nimejibu na leo.

Mama: Wanangu.

Idi: Shabani nitakupigia jioni.

Alhamisi jioni

Tausi (simu ya mama): Anko PS4 ni yangu kweli au mama ananitania

Idi: Ni yako kweli. Mimi nabaki na PS5 kwa kuwa CD za PS4 zinacheza humo pia, siwezi kubeba zote mbili.

Tausi (simu ya mama): Na zile gemu zilizomo ndani zisizo na CD??

Idi: Hapo ndipo nimekaa nikafikiri. Gemu niliyoinunua mtandaoni imefungwa kwenye akaunti yangu, siwezi kuiuza wala kumpa mtu kama ninavyompa CD. Kama ningekuwa namuuzia mgeni ningeondoa PS4 hiyo kama mashine kuu ya akaunti yangu, halafu ningeifuta yote irudi kama ilivyotoka dukani. Asiyefanya hivyo anamwachia mtu jina lake, picha zake, na kadi ya malipo kama aliiweka. Lakini wewe ni mtoto wetu. Nitaiacha iwe mashine kuu yangu, kwa hiyo gemu zangu zilizomo zitafunguka hata ukiingia kwa jina lako. Kadi ya malipo natoa, na jina langu nitaliwekea namba ya siri.

Tausi (simu ya mama): Lakini mimi nimecheza kwa jina lako 😭 nimefika mbali

Idi: Najua, naona. Ulipofika hapawezi kuhamia kwa jina lako, kila jina lina hifadhi yake. Basi ngoja, namba ya siri nitakupa wewe na mama yako tu. Ile uliyoianza kwa jina langu imalizie humo humo. Mpya zote anzia kwa jina lako.

Zuhura: Naandika hiyo namba mimi, yeye ataniomba.

Idi: Vizuri dada. Mimi nimeshanakili hifadhi zangu kwenye flashi, zimeingia PS5 bila tatizo.

Mjomba: Na lile tivii la kichogo? Hilo si la kutupa tu?

Idi: Mjomba hilo ndilo linaniuma kuliko vyote. Halitoshi kule, meza yenyewe haipo. Lakini PS1 na PS2 zilitengenezwa zikiwa na tivii hizo akilini. Ukiziweka kwenye flati picha inakuwa kama imesuguliwa na msasa. Na ile bunduki ya gemu haifanyi kazi kabisa kwenye flati. Bunduki hairushi kitu, inatazama. Ndani ya kichogo kuna miali inayochora picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, bunduki inauona mwanga pale ilipoelekezwa na mashine inapiga hesabu mwali ulikuwa wapi saa hiyo. Flati haichori hivyo.

Mjomba: Basi tafuta mwenye nafasi. Lakini kuibeba?

Idi: Watu wawili, kioo kielekee kifuani, uzito wote uko mbele. Na mtu asithubutu kuifungua nyuma hata kama imechomolewa, ule mrija hubaki na umeme mkali. Wala isivunjwe jalalani, kioo chake kina madini ya risasi, ni sumu.

Mama: Na ile gemu ya mkononi uliyokuwa unalala nayo?

Idi: Ah mama, hiyo imenisikitisha. Nimeikuta kifuniko cha nyuma kimejisukuma nje chenyewe. Betri imevimba kama mto. Nimeitoa, sijaichaji wala kuibonyeza, nimeziba vyuma vyake kwa utepe wa gundi, nimeiweka kwenye bati nje ya chumba. Kesho naipeleka kwa wanaopokea betri mbovu. Kosa ni langu, niliiacha miaka bila kuichaji hata mara moja. Betri hizi zinataka zihifadhiwe zikiwa na nusu ya chaji na uzikumbuke angalau mara moja kwa mwaka.

Ijumaa, karibu saa sita usiku

Idi: Mmelala?

Idi: Naandika hapa kwenye kikundi kwa sababu siku ile nilisema mbele ya watu.

Idi: Nilikuwa nafunga makasha yaliyojaa, yale ambayo sikuwa na wasiwasi nayo. Nikashika la GTA San Andreas, nikalifungua nione kama CD imekaa vizuri. Imekaa. Nikaibonyeza katikati nitoe vumbi, ikaja mkononi nzito. Zilikuwa mbili. PES 6 ilikuwa chini yake, zimekandamizwa kwenye kile kifungo kimoja, zimeshikana uso kwa uso.

Idi: [picha]

Idi: Na nakumbuka. Nilikuwa nataka kucheza haraka kabla umeme haujakatika, nikatoa PES mashineni, kasha lake liko mbali, nikaisukumiza kwenye kasha lililokuwa wazi. Halafu juu yake nikaja kubandika San Andreas. Ni mimi. Hakuna mtu mwingine.

Idi: Shabani, nilisema umeiuza. Nilisema mbele ya mama, mbele ya mjomba na marafiki zetu wa mtaani. Ukaacha kuja kucheza, na mimi nikaona ndiyo ushahidi wenyewe. Nisamehe ndugu yangu. Hukuiuza, hukuichukua, haikutoka hata kabatini.

Mama: Nimeamka. Nimesoma. Umefanya vizuri kusema hapa.

Mjomba: Naam.

Jumamosi asubuhi

Zuhura: Shabani umeona?

Shabani: Nimeona tangu usiku. Nilishindwa kujibu.

Shabani: Idi nimekusamehe. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mimi ndiye niliyeiuza. Hata watoto wangu wananitania hivyo.

Idi: Nitawaambia mwenyewe.

Shabani: Waambie. Wakisikia kwako watanyamaza.

Shabani: Memori kadi ile nyeusi bado unayo?

Idi: Ninayo. Nimeichomeka jana usiku. PS2 imeniuliza tarehe na saa kwanza, kile kibetri chake cha ndani kimekwisha, lakini kadi haihitaji betri, vyote vimo. MB nane tu, picha mbili tatu za simu za leo zinaijaza, na humo kuna miaka yetu yote.

Shabani: Master League yangu, ile ligi ya kwenye PES?

Idi: Ipo. Sikuifungua, nimeona jina tu. Ulikuwa umegoma kununua wachezaji, unataka ubingwa na wale wale wa kuanzia.

Shabani: Castolo mbele, Minanda na Ximelez katikati, Ivarov golini! Wewe ulikuwa unanijia na Inter, unampa Adriano mpira nje ya boksi, anageuka na kushoto kwake.

Idi: Na wewe ulikuwa unazuia.

Shabani: Mara nyingine.

Tausi (simu ya mama): Ivarov ni nani

Zuhura: Kipa wa kwenye gemu mwanangu, hajawahi kuwepo duniani. Waache waongee.

Idi: Shabani, nimeamua hivi. PS2, pedi mbili, memori kadi, PES kwenye kasha lake, na lile tivii la kichogo, vyote ni vyako kama una nafasi. Sivigawi kwa sababu ya kosa langu tu. Naviweka kwa mtu atakayeviwasha.

Shabani: Nafasi ipo. Pedi ya kushoto ilikuwa na kitufe cha mraba kinachokwama.

Idi: Nimeifungua nikaisafisha. Mpira wa ndani ulikuwa umejaa vumbi tu, sasa kinapiga.

Mjomba: Gran Turismo imelala chini ya kitabu siku mbili, haijanyooka vizuri. Nije nayo?

Idi: Njoo nayo mjomba, tutaijaribu mashineni kabla haijaondoka. Ikikataa, imekataa.

Mama: Na ile nyingine, ya tisa?

Idi: God of War II haijaonekana mama. Nimefungua kila kasha mara mbili, nimeinua kila CD. Safari hii simtaji mtu. Kasha lake naondoka nalo.

Shabani: Mimi nakuja na gari ya rafiki yangu mchana tubebe tivii. Usichomoe waya bado.

Idi: Sijachomoa. Kila kitu kipo mezani, na tivii nimeiwasha ipate joto.

Shabani: Mechi moja basi kabla hatujabeba.

Idi: Mbili. Ya kwanza nyumbani kwako.