Kuh: Chuo kinataka barua ya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania), utafiti wangu uko Micheweni, Pemba

Bint Wete:
Assalamu alaykum wanabaraza. Namuomba mwenye uzoefu anisaidie. Nafanya PhD hapa Uingereza, msimamizi mmoja yuko hapa na mwengine yuko SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), na mwanafunzi wa uzamili wa SUZA ndiye mwenzangu wa kazi. Tunataka kujua pesa ya mwani na pweza ikiingia nyumbani Micheweni inageuka chakula gani, na mpunga wa bondeni umebaki na nafasi gani mbele ya mchele wa meli kutoka nje. Kibali cha Zanzibar ninacho, barua ya wilaya ninayo, masheha wameshaarifiwa. Ofisi ya maadili ya chuo changu imeyarudisha yote. Fomu yao ina mstari mmoja tu wa Tanzania, nao ni COSTECH. Nimewaeleza kuwa Zanzibar ina utaratibu wake, wananijibu nchi ni moja. Bila ya saini yao siwezi kukata tiketi wala kumlipa mwenzangu posho yake, na masika hayangoji kamati. Yupo aliyewahi kuwaandikia barua wakakubali? Alisema nini?

Mama Shuwena, Northampton:
Waalaykum salaam mwanangu, pole sana. Mtoto wa dada yangu yalimkuta ya fildi. Chuo lazima kiwaarifu UKVI, idara ya viza ya Uingereza, kuwa uko nje kwa ajili ya utafiti, ama utaonekana umeacha masomo. Chuo chake kilichelewa kuarifu, akalia wiki nzima. Na kama mume yuko na wewe kwa viza ya tegemezi, shukuru kuwa uko kwenye utafiti. Tangu Januari 2024 wanaosoma masters za darasani hawaruhusiwi tena kuleta familia. Angalia na eVisa yako, viza ya mtandaoni, kama imeunganishwa na pasi mpya.

Mkojani:
Mama Shuwena, kwa heshima zako, hakuuliza viza. Kauliza barua.

Bint Wete:
Ahsante mama. Viza sinayo, nina pasi ya hapa. Nimezaliwa hospitali ya Wete, mama yangu yuko Wete mpaka leo, lakini kwenye fomu ya kibali nimeingizwa kama mtafiti wa kigeni na nikalipa kiwango cha mgeni. Hilo nimelimeza. La chuo ndilo lililonishinda.

Mzee wa Chake:
Usilimeze. Hilo ndilo jambo lenyewe. Tumeomba uraia pacha miaka yote, tumeishia kwenye hadhi maalumu isiyo uraia. Mtu anakwenda kuuliza habari za mpunga uliomlea, anahesabiwa mgeni! Na hao wa chuo chako wasilaumiwe sana. Tazama orodha ya mambo ya Muungano: uraia umo, uhamiaji umo, elimu ya juu imo, na utafiti umo. Kilimo hakimo. Sasa utafiti wa kilimo cha Pemba uko upande gani?

Msomi wa Tunguu:
Mzee, unamchanganya mtoto wa watu. Orodha naijua. Kiutendaji kibali cha utafiti wa Zanzibar hutolewa Zanzibar, na watafiti kutoka vyuo vya Ulaya wanafanya kazi kwa kibali hicho kila mwaka. Mimi nilikuwa na kazi ya udongo wa mabonde, nikakwama kwengine kabisa. Udongo kutoka Afrika hauingii Uingereza bila ya leseni maalumu. Tulipimia kule kule, na vijana wa maabara wakapata ujuzi na majina yao yakaingia kwenye makala. Kama mna sampuli, pimeni Zanzibar. Na huyo mwenzako wa SUZA akitaka kusajili PhD pale pale, mwambie atazame ufadhili wa Commonwealth Split-site. Anabaki na chuo chake cha nyumbani na anakuja hapa hadi miezi 12.

Mkojani:
Zuri, lakini bado si barua.

Mzee wa Chake:
Barua itapatikana. Mie nauliza faida. Mwani wa biashara ulianza Paje na Jambiani, Unguja, 1989, ukaja kwetu, leo Pemba ndiyo inayotoa mwingi. Aina ya kotoni yenye bei inakufa bahari ikipata moto, kinamama wanabaki na aina ya spinosamu ya bei ya chini. Wanaulima, wanaukausha, unafungwa marobota unakwenda kutengeneza karajini, kitu cha kuzitia uzito aiskrimu za watu. Wao hawaili. Wameulizwa maswali na watafiti tangu nywele zangu nyeusi. Nani aliyerudi kijijini Tumbe kuwasomea majibu? Tuliokaa foleni za chakula mwanzo wa miaka ya 70 tunajua kisiwa kinachongoja meli kinavyolala. Tulikula muhogo na shelisheli, na wallahi ningelipata shelisheli la kuchoma leo nisingetaka chengine.

Mama Shuwena, Northampton:
Usinikumbushe shelisheli. Hapa yapo ya kopo, hayana harufu.

Bint Wete:
Mzee, kwa hili niko nawe. Tumeandikiana na SUZA kuwa data zote zinakaa kwao, kwa Kiswahili, na matokeo yanasomwa kwenye kila shehia kabla ya kuchapishwa popote. Mwenzangu ni mwandishi sawa na mimi. Kuna la kujifunza pia Kisiwa Panza, huko huko Pemba, walikofunga mwamba wa pweza usivuliwe kwa miezi kisha wakaufungua. Tunataka kujua katika miezi ile majumbani kulipikwa nini.

Msomi wa Tunguu:
Hapo sawa. Muombe msimamizi wako wa SUZA aandike kwa karatasi rasmi ya chuo kuwa kibali hicho kinatosha. Mimi barua kama hiyo sikuwahi kuihitaji, kwa hiyo siahidi kitu.

Mkojani:
Na kabla ya kupanga tarehe uliza kalenda ya maji. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, kinamama wote wako pwani tangu maji yanapoanza kutoka, humpati mtu nyumbani. Nenda maji mafu, yanapokupwa kidogo. Dada yangu yuko Tumbe, atakupokea, andika kwangu pembeni nikupe nambari.

Mzee wa Chake:
Na mchele umchukulie. Wa Pemba, uununue hapo hapo kwa wakulima.