Bamia, kanga na kaa wa mikokoni

Mama Zuhura: Assalamu alaykum wapendwa. Mwalimu wa hesabu kamwambia Zuhura atafute vitu vyenye ulinganifu, yaani ukivikunja nusu zinalaliana sawasawa. Kapata kipepeo na jani la mwembe. Mna vingine?

Shangazi Rukia: Waalaykum salaam. Akate bamia kwa kukingama, ataona nyota ya pembe tano, kila chumba na mbegu zake. Ndizi mbivu nayo amenye, abonyeze kidole kwenye ncha taratibu, itajigawa tatu yenyewe bila kisu.

Mama Zuhura: Zuhura hapa. Shikamoo shangazi! Bamia nimekata. Nimepata mistari mitano ya kukunjia, kila mmoja unaanzia kwenye pembe na kutokea katikati ya upande wa pili.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Hapo umepatia kabisa.

Bibi: Na kanga je? Pindo limezunguka pande zote nne, mji katikati. Ikunje uone.

Mama Zuhura: Shikamoo bibi, Zuhura tena. Nimekunja ya mama kulia na kushoto, pindo limelaliana na pindo, maua pia. Juu na chini imekataa! Jina liko chini tu, juu halina mwenzake.

Bibi: Marahaba. Jina ndilo linalokuonyesha juu na chini. Ukijifunga likae nyuma, anayekufuata asome.

Baba Mdogo Salim: Kama ni hivyo mwonyesheni na kaa wale wadogo wa mikokoni. Jike ana magando mawili madogo, sawasawa. Dume moja kubwa mno, jingine dogo la kulia chakula. Lile kubwa analipunga kuita majike na kupigania shimo lake. Wengine liko kulia, wengine kushoto. Halafu kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini wa umbo la nyota, huyo ndiye ananishangaza mimi. Mnamwona na mikono mitano, lakini akiwa mchanga bado anaelea majini ana kulia na kushoto tu, kama sisi. Hiyo tano anaipata akishajigeuza na kukaa chini.

Shangazi Rukia: Subhanallah. Hilo sikulijua.

Mama Zuhura: Sasa hanipi raha, anataka kwenda kuwaona hao kaa.

Baba Mdogo Salim: Nampitia kesho. Ni bamvua, saa nne asubuhi maji yatakuwa yamepwa. Avae viatu vigumu, mizizi ya mikoko ina chaza, wanakata.