Je, VJ aachiwe kuitafsiri filamu ya mtu anayejidhania shujaa mwenye nguvu za ajabu?

Mleta mada, Kampala

Ndugu wasomaji, nawaletea swali lililokigawa kikundi chetu kidogo cha kutazama filamu hapa Kampala. Mwenzetu mmoja amependekeza kwamba filamu ya Kimarekani iitwayo Special, iliyotengenezwa na Hal Haberman na Jeremy Passmore na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2006, ipelekwe kwenye kibanda cha video cha mtaani ikiwa imetafsiriwa na VJ, yaani msimulizi anayezungumza juu ya filamu, kama zinavyotafsiriwa filamu za vita na za kareti. Mimi nataka ionyeshwe, lakini sitaki VJ aishughulikie kwa namna iliyozoeleka.

Kwa wasioijua, mhusika mkuu ni Les Franken, anayeigizwa na Michael Rapaport. Kazi yake ni kuwaandikia faini wenye magari walioegesha vibaya, na wanaomkuta akifanya hivyo humtukana bila kumtazama usoni. Yeyote aliyewahi kuwaona vijana wanaotoza ada za kuegesha magari katikati ya Kampala atamwelewa Les kabla hajafungua kinywa. Mtu huyu anajiunga na majaribio ya dawa mpya ya kuondoa huzuni na hali ya kujitilia shaka, na baada ya muda mfupi anaamini kwamba anaweza kuelea hewani, kupenya kuta na kusikia mawazo ya watu. Anajivika vazi la shujaa na kuingia mitaani kupambana na uhalifu.

Watengenezaji hawakuwa na fedha za milipuko wala majengo ya kuangusha, na pengine ndiyo maana filamu ikawa nzuri. Nguvu yake yote imo katika pengo lililopo kati ya anachokiona Les na wanachokiona wengine. Yeye anaelea, aliyesimama karibu naye anamwona amelala kifudifudi sakafuni. Yeye anapenya ukuta. Sisi tunamwona anaugonga kwa uso na kutoka damu. Mtazamaji anatakiwa kuyashika yote mawili kwa wakati mmoja, amwonee Les huruma na huku akitamani, kinyume cha akili yake mwenyewe, kwamba angalau mara moja ukuta umwachie apite.

Sasa fikirini kazi ya VJ. Kwa walio nje ya Uganda, VJ ni mtu anayezungumza juu ya filamu, zamani akiwa ameketi kibandani na maikrofoni yake, siku hizi zaidi kwa kurekodi sauti, akieleza kwa Kiganda yanayosemwa na kutendeka, akiwabandika wahusika majina ya kwetu, akitania, akitabiri na kushangilia. VJ Jingo na wenzake waliwafungulia filamu za ulimwengu watu ambao hawakuwa na Kiingereza cha kutosha, na siwadharau hata kidogo. Lakini VJ ana upande wake: huwa na shujaa. Akishamchagua, kibanda kizima kinamfuata. Akimchagua Les kama shujaa wa kweli, pengo nililolitaja linazibwa na filamu inakuwa ya mapigano, tena mapigano dhaifu. Akimchagua Les kama kichaa wa kuchekwa, pengo linazibwa upande wa pili, na watu wanatoka wakiwa wamejifunza tusi jipya la kumrushia mgonjwa wa mtaani kwao.

Ninaliogopa hili la pili zaidi. Hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili iko hapa hapa pembezoni mwa jiji letu, Butabika, tangu mwaka 1955, na bado jina lake linatumika katika mabishano ya mitaani kama kitu cha kumtolea mwenzako: nenda Butabika, wewe ni wa Butabika. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya sheria kongwe tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni, lakini sheria haiingii kibandani Jumamosi jioni.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ni zito zaidi huku kuliko kule ilikotengenezwa filamu. Les anawarukia watu barabarani kwa sababu amesikia kichwani mwake kwamba ni wahalifu. Mara ya kwanza anapatia, kwa kuwa mtu yule kweli anaibia duka. Baadaye anawaangusha wasio na hatia. James Gunn aliligusa jambo hilo hilo katika Super ya mwaka 2010, ambamo shujaa wa kujitengeneza anampiga kwa spana mtu aliyeruka foleni ya sinema. Watazamaji wanacheka, kisha damu inawanyamazisha. Mtu wa Kampala anajua kinachofuata mtu akinyoshewa kidole na kuitwa mwizi karibu na kituo cha bodaboda: hakuna anayeuliza ushahidi, na maelezo ya mtuhumiwa hayasikiki. VJ akishangilia wakati Les anamrukia mpita njia, anakuwa mtu wa pili kupiga yowe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba filamu ionyeshwe kwa sauti yake ya asili, pamoja na maandishi ya Kiswahili au Kiganda chini ya skrini. Naomba hoja zenu, hasa za wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza, Arua

Ndugu mleta mada, umeandika kwa uangalifu, lakini umeandika kama mtu anayeifahamu filamu na asiyekifahamu kibanda. Anayelipa kiingilio baada ya kutwa nzima ya kusukuma toroli hakuja kusoma. Maandishi ya chini ya skrini yanapita upesi, mwanga ni hafifu, na nusu ya ukumbi imekaa mbali au nyuma ya mtu mrefu. Ukimwondoa VJ hujamlinda mgonjwa wa akili. Umewatoa watazamaji, na filamu itabaki ya kikundi chenu.

Pia umesema VJ lazima awe na shujaa. Hebu sikiliza tena kazi ya VJ Emmie katika Who Killed Captain Alex?, filamu ambayo Isaac Nabwana aliitengeneza katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010 kwa fedha zisizozidi dola 200 kama inavyosimuliwa. Sauti ya VJ pale inamshangilia komando na papo hapo inamcheka, inaicheka filamu yenyewe, na mtazamaji anafuata vyote viwili bila kuchanganyikiwa. Katika Bad Black, filamu nyingine ya Nabwana, iliyopata tuzo ya watazamaji ya tamasha la Fantastic Fest mwaka 2016, daktari wa Kimarekani anafundishwa ukomando na mtoto wa mtaa wa mabanda aitwaye Wesley Snipes. Hiyo nayo ni hadithi ya mtu wa kawaida anayejivika ushujaa, na hakuna aliyetoka akidhani kwamba daktari yule ni komando wa kweli. Pengo unalolililia ndilo VJ wetu wanalolifanyia kazi kila siku, tena kwa ustadi ambao maandishi hayana.

Na juu ya kicheko, Special ni kichekesho. Waliomwandika Les walitaka acheke anayecheka.

Mchangiaji wa pili, muuguzi

Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili, na sitataja kituo changu. Mnabishana juu ya sauti ya VJ, nami hofu yangu iko kwenye kidonge. Katika filamu hii mtu alikuwa mpweke lakini timamu. Akameza dawa, akachanganyikiwa. Na wenye kampuni ya dawa hiyo wakamwandama kwa kuwa anawaharibia biashara. Mtazamaji ambaye ndugu yake ametoka hospitali na mfuko wa vidonge ataichukua picha hiyo aipeleke wapi? Sisi tunawaona wagonjwa wanaorudi wodini kwa sababu jirani au mchungaji aliwaambia kwamba dawa ndizo zinazowachanganya. Butabika ina vitanda rasmi 550 kwa taifa zima na mara nyingi hulaza watu zaidi ya idadi hiyo, kwa hiyo kila anayeacha dawa kwa ushauri wa namna hiyo anarudi kwenye foleni iliyokwisha kujaa.

Sisemi filamu ifichwe. Majaribio ya dawa yapo hapa nchini. Utafiti wa nevirapine, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya UKIMWI, ulifanyika katika hospitali ya Mulago hapa Kampala mwishoni mwa miaka ya 1990, na matokeo yake yaliokoa watoto wengi duniani. Ni vizuri watu wajue kwamba aliyejiunga na jaribio anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Lakini jambo hilo linahitaji mtu wa kulieleza taa zikiwashwa, na VJ si mtu huyo.

Mchangiaji wa tatu, Jinja

Vijana wangu, mimi ni mtu mzima na nilikuwa hapa mwaka 1987, wakati wapiganaji wa Alice Lakwena, kiongozi wa waasi aliyedai kuongozwa na roho, walipofika karibu na mji huu wakiwa wamepakwa mafuta wakiamini kwamba risasi haziwezi kuwapata. Wengi wao walikufa. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa wamekunywa dawa ya mzungu. Mnapomtazama Les mnaona kichwa cha mtu mmoja kilichoharibika. Mimi namwona anapogongwa na gari na kuinuka tena, nami siwezi kucheka wala kushangilia. Mtakapompeleka VJ, mwambieni ukumbini kuna watu wa namna yangu.

Mleta mada, Kampala

Nawashukuru nyote, na nianze na mzee wa Jinja, kwa kuwa ametufikisha mahali ambapo sikutarajia mada hii ifike. Mzee, tofauti ninayoiona ni kwamba wale walikuwa maelfu na kila mmoja alithibitishiwa imani yake na aliyesimama ubavuni mwake, ilhali Les hana hata mtu mmoja. Marafiki zake wa duka la vitabu vya katuni wanamsikiliza kwa upole na wasiwasi, lakini hawaoni anachokiona. Upweke huo ndio unaofanya tumwite mgonjwa bila kusita, na ukumbi unapoanza kumshangilia, upweke huo unaondolewa kwa uongo. Hii ni sababu nyingine ya kutaka VJ ajizuie, na naona, mzee, kwamba umeiunga mkono hoja yangu hata kama hukukusudia.

Dada muuguzi, nakubali sharti la kuwa na mtu wa kuzungumza baada ya filamu, na ningependa awe mtu wa kazi yako. Ila naomba tukumbuke kwamba anayesema ukweli mapema kabisa katika filamu ni daktari. Les anakwenda kwake, anajilaza sakafuni akiamini anaelea, na daktari anamwambia waziwazi kwamba dawa imemdhuru na aache kuitumia. Filamu haiwashambulii matabibu. Inawashambulia wenye mali, na hao wawili wanatofautiana.

Nikija kwa ndugu wa Arua, umenigusa kwenye maandishi ya skrini, na siwezi kudai kwamba ukumbi wa watu kumi wanaosoma ni bora kuliko ukumbi wa watu mia wanaosikiliza. Hata hivyo mfano wako wa Wakaliwood, yaani filamu hizo za Nabwana, una kasoro. VJ Emmie anaitania filamu ambayo tangu mwanzo inajua kwamba ni mchezo, na waigizaji wake wanakonyeza jicho pamoja naye. Les hakonyezi. Yeye anaamini, na Rapaport anamwigiza bila dalili yoyote ya utani. Ukimtania mtu asiyejua kwamba anataniwa, hujafanya alichokifanya Emmie.

Basi nikupe jaribio. Katika onyesho hilo la daktari, mdomo wa daktari unasema acha dawa, lakini Les anasikia mawazo ya daktari yakimwambia kinyume chake, kwamba ayapuuze maneno hayo na aendelee. Sauti ni ya daktari, maneno ni ya ugonjwa. VJ ana kinywa kimoja. Atasema nini?

Mchangiaji wa kwanza, Arua

Jaribio zuri, na jibu ninalo. VJ aseme kwanza kwa sauti yake ya kawaida: "Daktari anamwambia, Les, acha vidonge hivi, vinakudhuru." Kisha anyamaze kidogo. Halafu, kwa sauti ya Les na si ya daktari, aseme: "Nimekusikia, daktari. Umesema niendelee." Filamu inaificha tofauti hiyo ndani ya sauti moja, VJ ataiweka wazi kwa sauti mbili, na hata aliyekaa nyuma ya mtu mrefu ataelewa kwamba hakuna aliyemwambia Les aendelee. Maandishi yako ya skrini yangeweka sentensi mbili mfululizo, na msomaji wa haraka angedhani daktari ni kigeugeu.

Nakubali kwamba VJ wa kufanya hivyo lazima aitazame filamu yote kabla ya kushika maikrofoni, jambo ambalo si wote hulifanya, na kwamba kwenye sehemu ambazo Les anawarukia watu barabarani anyamaze kabisa. Lakini sote wanne tumelikwepa swali ambalo mwenye kibanda atatuuliza kwanza. Chini ya sheria yetu ya haki miliki ya mwaka 2006, kuitafsiri kazi ya mtu kunahitaji idhini yake, iwe kwa VJ au kwa maandishi yako. Katika kikundi chenu, ni nani aliyepewa kazi ya kuwaandikia wenye filamu?